Barua Iliyofika Ijumaa

Kwamboka mwanangu,

Kuna swali nililolibeba miaka miwili bila kulipatia jibu. Mtu akiandikiwa habari itakayomuumiza, na habari hiyo ikapitia mikononi mwako kabla ya kumfikia, je, una haki ya kuishikilia kwa kumhurumia? Nimelijibu mara nyingi. Kila jibu limedumu kama wiki moja, kisha nikaanza upya. Leo swali limerudi kwa sura nyingine, na safari hii sina wiki ya kusubiri, kwa sababu kesho asubuhi unapanda basi la Nairobi, na keshokutwa utakuwa ng'ambo.

Sitakuandikia habari za sweta, wala za chakula, wala za kutafuta kanisa ukifika. Shangazi zako wamekwisha kuyasema hayo, na nina hakika watayarudia kesho ukiwa umeshaketi ndani ya basi. Nataka kukueleza jambo nililolitenda nilipokuwa nikifundisha Ekerenyo, kabla hatujahamia hapa mjini Kisii. Wewe ulikuwa bwenini katika shule nyingine, na ulilijua nusu tu.

Unakikumbuka chumba changu cha kompyuta. Kilikuwa stoo ya majembe, na harufu ya udongo haikuwahi kutoka. Tulikuwa na mashine tatu za msaada, moja kati yao ikizimika yenyewe kila mvua ilipoanza kunyesha. Laini ya simu ya shule haikutegemewa, kwa hiyo kila Ijumaa nilichukua disketi mbili hadi mjini, katika duka la vitabu la Bwana Harshad. Nyuma ya rafu za daftari alikuwa na kompyuta yenye modemu, nayo ikilia kama kuku aliyekanyagwa kabla ya kushika laini. Disketi moja ilibeba barua za wasichana wangu, nyingine ilirudi na majibu. Shule nzima ilikuwa na anwani moja. Nilikuwa nimewaagiza wote wanaotuandikia waweke jina la msichana kwenye mstari wa mada, ili nikirudi niweze kuipeleka kila barua kwenye jalada la mwenyewe bila kuifungua. Jumamosi, baada ya usafi, wasichana waliingia wawili wawili kusoma.

Kuwafundisha haikuwa kazi rahisi, na nakiri kuwa nilicheka mara nyingi kuliko ilivyofaa. Barua walizozijua ni zile za insha. Walibonyeza kitufe cha nafasi mpaka sanduku la posta la shule lifike pembe ya kulia juu, nayo barua ilipofika ng'ambo anwani hiyo ilikuwa imetawanyika ukurasa mzima kama mahindi yaliyomwagika. Walijaza aya nzima kwa kuulizia afya ya watu wasiowajua. Kerubo, ambaye ulimi wake unaukumbuka, aliniuliza mbele ya darasa, "Mwalimu, sasa huyu mtu atajuaje ni mimi, kama hajaona mwandiko wangu?" Nilimjibu kwamba atamjua kwa maneno yake. Akasema basi wasichana wote watadhaniwa kuwa ni mimi mwalimu, kwa kuwa maneno yao yote nimeyasahihisha mimi. Darasa likaangua kicheko. Nilimwambia aketi, lakini alikuwa amesema kweli, na tangu siku hiyo niliiweka kando kalamu nyekundu.

Niliwafundisha pia kuzitunza barua. Soma tarehe kwanza, niliwaambia, kwa kuwa kwa njia hii ya disketi barua ya leo inaweza kuwa ya wiki jana. Jibu ile inayongoja jibu. Usifute unachoweza kukihitaji. Na kama hujui umeweka wapi kitu, andika jina lako kwenye kitafutio, mashine itakuletea kila faili lenye jina hilo. Nyaboke ndiye aliyeyashika haya upesi kuliko wote. Alikuwa kidato cha nne, mtulivu, binti wa mjane mmoja wa Ikonge. Dada yake mkubwa, Bosibori, alikuwa akisomea uuguzi nchi za mbali, na barua zao ndizo zilizokuwa ndefu kuliko zote katika disketi yangu.

Sasa nikueleze ahadi yangu. Unajua desturi ya shule zetu za bweni. Barua inayoingia hufunguliwa na mwalimu wa zamu, na inayotoka hukabidhiwa kwake ikiwa haijafungwa. Nilipokuwa msichana, mwalimu wa zamu alisoma barua yangu gwarideni kwa sauti, akitua kila mahali palipokuwa na neno la mapenzi ili tucheke vizuri. Aliyeiandika ni baba yako. Hakuniandikia tena kwa mwaka mmoja, na mimi sikumlaumu. Kwa hiyo barua pepe ilipofika Ekerenyo nilimwambia mwalimu mkuu kuwa hizi sitazisoma. Alikubali kwa shingo upande, kwa sharti kwamba likitokea la kutokea, nitajibu mimi. Niliwatangazia wasichana. Kerubo alipiga makofi peke yake.

Ijumaa moja, siku nne kabla ya mtihani wa kidato cha nne kuanza, ilikuja barua isiyokuwa na jina kwenye mstari wa mada. Paliandikwa HARAKA, basi. Ilinibidi niifungue ili nijue ni ya nani. Huo ndio utetezi wangu, na ni wa kweli, lakini hauendi mbali, kwa sababu jina la Nyaboke lilikuwa neno la kwanza kabisa. Ningeweza kuishia hapo. Nilisoma mpaka mwisho.

Bosibori alimweleza mdogo wake kuwa mama yao alikuwa ametolewa hospitali na kurudishwa nyumbani, si kwa kuwa amepona. Ukoo ulikuwa umekubaliana Nyaboke asiambiwe lolote mpaka amalize karatasi ya mwisho. Bosibori mwenyewe alikuwa amefichwa habari hiyo, akaipata kwa binamu yao aliyempigia simu. Aliandika hivi, na nayakumbuka maneno yake neno kwa neno: "Mwombe mwalimu ruhusa. Nenda umwone mama. Mtihani una mwaka mwingine."

Nilikaa kwenye kiti cha plastiki pale dukani mpaka Bwana Harshad akageuka. Ilikuwa tabia yake kuipa mashine mgongo barua zilipokuwa zikiingia, akipanga kalamu ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Nilimuuliza, bila kumtajia mtu, angefanya nini. Alisema yeye ni sanduku la posta, na sanduku la posta halina maoni. Kisha akaongeza, kwa upole, "Lakini iliyoingia imeingia, Mwalimu. Mimi siwezi kuirudisha."

Njiani nilishuka Ikonge. Nilimkuta baba mdogo wa Nyaboke, Mzee Ondieki, kwenye kituo cha kununulia chai, amekaa juu ya kikapu chake akingoja lori. Niliweka mbele yake barua, niliyoinakili kwa mkono dukani, kama mtu anayempelekea mwenyewe kitu alichookota njiani. Hakuitaka hata kuishika. Alinisikiliza mpaka mwisho, akawaambia wanawake waliokuwa wamesogea kusikia kwamba chai yao inanyauka, nao wakarudi nyuma. Tulizungumza Ekegusii, na nikiyaweka maneno yake kwa Kiswahili ni haya: "Mwalimu, aliye mbali huandika kwa hofu. Sisi tulio hapa tunamwona mgonjwa. Mama mwenyewe ndiye aliyesema mtoto amalize mtihani. Hiyo barua bado haijafika."

Nataka uelewe, Kwamboka, kwamba huyu hakuwa mtu mkatili. Kwetu habari nzito haitumwi kwa karatasi, wala haipewi mtu akiwa peke yake au akiwa njiani. Huletwa na mtu mzima, mtu anayeweza kukushika ukianguka, nawe huambiwa ukiwa nyumbani, watu wamekuzunguka. Kuna hekima katika desturi hiyo, na sijawahi kuona mashine yenye mikono ya kumshika mtu. Na juu ya desturi palikuwa na neno la mgonjwa mwenyewe. Nilisimama pale nikiwa na shahada yangu na ahadi yangu, na vyote viwili vikaonekana vyepesi. Nilipofika shuleni niliiweka barua kwenye jalada nililoliita Utawala, ambalo hakuna msichana aliyekuwa na sababu ya kulifungua.

Jumamosi Nyaboke aliingia na mwenzake, akafungua jalada lake, akalikuta tupu.

"Hakuna changu, Mwalimu?"

"Wiki hii hakuna. Labda dada yako naye ana mitihani."

Nimewahi kuwaza kwamba kosa langu lingekuwa dogo kama lingeishia kwenye kunyamaza. Lakini ukishaificha barua, lazima uilinde. Ijumaa iliyofuata Bosibori aliandika tena, mstari mmoja, akiuliza kama mdogo wake amekwenda. Nilimjibu mimi, palepale dukani, kwamba ujumbe wake umefika, na kwamba Nyaboke ni mzima na anaendelea vizuri na mitihani. Hakuna neno hata moja la uongo katika jibu hilo. Nililipima kabla ya kulituma, na nadhani kule kulipima ndiko kunakonisumbua kuliko uongo wa Jumamosi, ambao angalau ulinitoka bila kufikiri. Barua yake ya pili niliiweka pamoja na ya kwanza.

Mama yao alifariki katika wiki ya tatu ya mtihani. Mazishi yalingojewa mpaka karatasi ya mwisho. Siku hiyo Mzee Ondieki alikuja shuleni mwenyewe, amevaa koti jeusi katika jua la saa saba, akamwambia Nyaboke kuwa mama yake anajisikia vibaya kidogo na anamtaka nyumbani. Wasichana waliliona lile koti wakaacha kuzungumza. Nyaboke alilitazama pia. Alikunja godoro lake bila kuuliza swali, akanipa mkono, akanishukuru kwa yote.

Alifaulu vizuri sana. Lazima nilitaje hili, kwa sababu kila ninapojaribu kujihukumu ndilo linalosimama kunitetea, na mwalimu mkuu hulitaja pia kila tunapokutana. Alipata nafasi chuo kikuu. Mama yake alitaka hivyo, na ikawa hivyo. Mtu akiniuliza nithibitishe kwamba angefaulu hata kama angemwona mama yake, siwezi. Akiniuliza nithibitishe kwamba asingefaulu, siwezi pia.

Miezi kadhaa baadaye alikuja kuchukua matokeo yake, akaomba nimnakilie barua zake zote kwenye disketi. Nilimwambia aingie azichukue mwenyewe, nikabaki nje nikizungumza na mpishi kuhusu kuni. Kwa kweli nilikuwa nimesahau, au niseme nilikuwa nimejizoesha kusahau. Yeye hakufungua jalada lake tu. Aliandika jina lake kwenye kitafutio, kama nilivyomfundisha, na mashine ikamletea kila faili lenye jina hilo. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikuzifuta zile mbili. Nikiwa na huruma kwangu mwenyewe husema nilitaka siku moja azipate. Nisipokuwa na huruma husema niliwafundisha wasichana wasifute, na nilikuwa nimeiamini kanuni yangu bila kuwaza inanipeleka wapi.

Aliniita kwa sauti ya kawaida. Nilipoingia alikuwa amesimama, barua iko kwenye kioo.

"Mwalimu, hii ilifika Ijumaa."

"Ndiyo."

"Karatasi ya kwanza ilikuwa Jumanne."

"Ndiyo, Nyaboke."

"Basi kulikuwa na Jumamosi na Jumapili."

Ikonge ni safari ya asubuhi moja. Angeweza kwenda, akaketi na mama yake, akalala, akarudi Jumapili, akabaki na Jumatatu nzima ya kurudia masomo. Sisi watu wazima tulikuwa tumebishana kama achague mama au mtihani, na hakuna hata mmoja wetu aliyetazama kalenda. Aliyeitazama ni yeye, maana nilimfundisha kuanza na tarehe. Alichomoa disketi yake, akasema asante, akaenda. Dada yake hakuniandikia tena. Mwaka jana ulipokutana na Nyaboke sokoni Daraja Mbili akakupita bila salamu, uliniuliza kama ni maringo ya chuo. Nikakwambia labda hakukuona. Alikuona.

Nimefika ninapopaogopa.

Jumapili iliyopita ulikwenda Masimba kumuaga nyanya yako. Alikuwa ameketi nje na shali lake la buluu, akakutania kwamba huko uendako utarudi na mkwe asiyejua kula ugali wa wimbi. Ulirudi unacheka. Tulikuwa tumekwambia ni kifua kinachomsumbua. Si kifua. Siku moja kabla ya hapo daktari alitueleza mimi na mjomba wako Mogaka kwamba ugonjwa uko kwenye ini na umekwenda mbali, na kwamba tufikirie wiki, tusifikirie miezi. Nyanya anajua. Yeye ndiye aliyetukataza. Alisema, "Mtoto asafiri na moyo mwepesi. Mkimwambia, atakaa." Alivaa lile shali ili usione jinsi mabega yalivyokwisha.

Mogaka alipita hapa leo asubuhi ukiwa umetoka kununua kufuli. Sikumwambia nimeanza kuandika, lakini ananijua. Alisimama mlangoni, akasema, "Dada, ukimwambia naye asiende, baada ya miaka kumi utamjibu nini?" Ni swali zuri. Nafasi yako chuoni haitangoja muhula mwingine, umeisoma barua yao mwenyewe.

Juzi, ulipokuwa ukikunja nguo, uliniuliza, "Mama, kukitokea jambo nyumbani, utaniambia?" Nilikuuliza kama umeiona pasi. Ulicheka ukidhani sikusikia.

Nimejiambia kuwa hali yako si ya Nyaboke. Wewe umemwona nyanya, mmecheka, amekubariki. Kisha najiuliza kama aliyeaga akijua atarudi kumkuta mtu ameaga kweli. Nyanya alikuaga. Wewe ulimwambia kwaheri ya kuonana, na hizo si kwaheri za aina moja. Lakini huenda hiyo ndiyo zawadi aliyotaka kukupa, nami ninaivunja kabla hujaifungua. Sijui. Ninakiuka neno la mama yangu mzazi kwa kukuandikia hivi, na sijawahi kufanya hivyo katika jambo lenye uzito.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kuitia barua hii ndani ya sanduku lako, chini ya kitenge, uikute ukiwa umefika. Nilikwisha hata kuchagua mahali. Ndipo nikaona kuwa nilikuwa nikilifungua tena jalada la Utawala. Barua utakayoipata ng'ambo ingekueleza kila kitu, isipokuwa ingekueleza wakati huna la kufanya. Kwa hiyo nitakupa mkononi mara nitakapoweka kalamu chini, na nitakaa karibu nawe ukisoma, kwa kuwa katika hilo desturi yetu haikukosea. Ukitaka kuuliza, uliza. Magari ya Masimba yapo steji mpaka jioni. Unaweza kulala kwa nyanya na kuniacha mimi nikutane nawe na sanduku lako kwenye basi. Unaweza pia kuketi hapa, ukaiacha Jumapili ile iwe ndiyo ya mwisho, kama alivyotaka yeye. Unaweza hata kuamua kutosafiri, na nikisema hilo halinitishi nitakuwa nimerudia mazoea yangu. Sikuelekezi. Nina maoni, lakini nimeona maoni yangu yalivyofanya kazi.

Swali nililoanza nalo sijalijibu, na ni haki yako kujua kwa nini. Siwezi kutenganisha sababu zangu. Huenda ninakwambia kwa kuwa habari hii ni yako. Huenda ninakwambia kwa ajili ya Nyaboke, nikikutwisha wewe mzigo niliopaswa kumtua yeye, na kama ni hivyo basi nimekukosea kwa njia mpya. Mtu pekee anayeweza kunipambanulia ni yeye. Anwani yake ya chuoni ninayo tangu mwaka jana. Nimemwandikia mara tano, na zote tano ziko kwenye jalada la barua zisizotumwa, kwa sababu kila nikifika mwisho naona nimeandika utetezi. Na hata uamue nini jioni hii, nitaona njia moja tu ikitimia. Ile nyingine haitakuja kuniambia kama ingekuwa bora.

Nasikia unajaribu kufunga sanduku, na kufuli halishiki. Ni Jumamosi, saa tisa na nusu. Ninakuja chumbani kwako.

Mama yako